Ukungu wa Darubini ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema, asije mtu akadhani namsimulia habari za mwindaji. Miaka ile ya hamsini, nilipokuwa kijana, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka barazani kwangu Waa mpaka msikitini, na nikirudi nilimwambia mke wangu nimechoka. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, na siku zile hilo lilitosha watu waniletee barua zao niwasomee, niwajibie, kisha waniulize mambo nisiyoyajua. Nami sikuwa na ulimi wa kusema sijui. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Baba mkwe wangu alikaa Mkongani, kwenye mashamba yaliyopakana na msitu, na upande ule wote bunduki ilikuwa yake peke yake. Ilikuwa kuukuu ya jeshi, aliyopewa kwa kibali ili alinde mashamba na nguruwe mwitu. Nguruwe wakiingia kwenye muhogo, asubuhi shamba huonekana kama limelimwa na wendawazimu. Sisi hatuli nyama yao, kwa hiyo baba mkwe akiangusha mmoja, majirani wasio Waislamu walikuja kuubeba mzoga huku wakimwombea afya na umri. Sidhani kama pana mzee yeyote wa Kwale aliyeombewa dua na watu wa dini nyingine kama yeye.

Mwaka ule akaanza kukosa. Alimkosa nguruwe aliyesimama wazi kama ng'ombe wa kuuzwa. Wiki nyingine akakipiga risasi mbili kisiki cha mnazi. Watu walikwenda kukitazama, wakarudi, wakasema bunduki imezeeka. Nami nilikwenda, nikakitazama, nikasema bunduki imezeeka. Baba mkwe mwenyewe akasema bunduki imezeeka, na hapo jambo likawa limethibitika.

Kwetu mkwe hamkazii macho baba mkwe wake. Ukizungumza naye unatazama chini, sauti unaiteremsha, na unakubali. Miaka mitatu nilikuwa nimeoa kwake, na kama ungeniambia nimtambue katika umati ningeomba kwanza nioneshwe miguu. Makubadhi yake niliyajua, na kidole gumba cha kushoto kilichopoteza ukucha. Juu ya magoti, elimu yangu ilikuwa ndogo.

Basi ikaja habari iliyotukosesha raha. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, bara, lakini kila bunduki katika nchi ilitazamwa. Kwale akaja bwana mkubwa mpya wa wilaya, na chifu akatangaza kwamba safari hii kupata kibali cha mwaka si kuonesha karatasi tu. Kila mwenye bunduki atafika Kwale, atapiga risasi tatu kwenye debe hatua sitini mbele ya bwana mkubwa. Asiyelipata debe mara mbili, bunduki itabaki ofisini. Tulikuwa na wiki sita.

Bunduki ikibaki ofisini, nguruwe watavuna Mkongani nzima. Hilo kila mtu aliliona. La pili lilikuwa baba mkwe mwenyewe, ambaye watu walimpisha njia kwa ajili ya bunduki ile, na ambaye asipokuwa nayo angekuwa mzee mmoja tu mwenye makubadhi.

Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, ndiye aliyenitia mashakani. Alikuwa mkulima, mtu mzima mwenye watoto, lakini mimi na yeye ni watani na hakuniachia hata siku moja. Jamaa yake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya Wazungu Diani, na huko alikuwa ameokota katalogi ya bunduki iliyotupwa. Shemeji akaileta, akanitupia mapajani mbele ya baba mkwe.

"Msomi huyo," akasema. "Atusomee. Au sekondari walikufundisha kulala tu?"

Nikasoma. Mle ndani mlikuwa na darubini za kufungwa juu ya bunduki, na maneno ya kuzisifu yalikuwa matamu hata mimi niliyeogopa kelele za baruti nikatamani kuua kitu. Nikatafsiri kwa sauti: ukiwa na hii, mnyama aliye mbali atakuja karibu mara sita. Baba mkwe akasogeza mkeka.

"Mara sita?"

"Mara sita, baba."

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Shabaha ya bunduki imelika, haionekani tena. Darubini itaisaidia. Wewe ndiwe utakayechagua, mwanangu. Wewe unajua."

Nilitakiwa kusema sijui. Nikasema, "Naam, baba."

Akauza fahali. Tukavuka Likoni pamoja, yeye na bunduki yake imefungwa guniani na karatasi za kibali mfukoni, mimi na katalogi yangu kwapani. Tukafika kwa fundi wa bunduki, Mhindi mzee aliyezaliwa Mombasa na ambaye Kiswahili chake kilinifanya nichunge changu. Baba mkwe akamkabidhi bunduki na karatasi, akatazama zile chupa za mafuta na vyuma vilivyotapakaa, akasema, "Mambo ya Kizungu ni ya huyu," akaenda zake msikitini. Ilikuwa Ijumaa.

Nikamwambia fundi nataka ya mara sita. Nikalitamka neno la Kiingereza pia, ili ajue anazungumza na nani.

Fundi akatandika kitambaa, akapanga darubini tatu: ya mara sita, ya mara nne, na fupi moja, nyembamba kama bomba la baiskeli, ya mara mbili na nusu. Ile fupi nikaidharau papo hapo.

"Mzee hupiga umbali gani?" akauliza.

"Hatua arobaini. Hamsini. Msituni kwetu zaidi ya hapo huoni."

"Shika hiyo ya mara sita. Mtafute yule muuza machungwa ng'ambo ya barabara."

Nikaiweka jichoni. Nikaona kitu cha rangi ya chungwa kilichojaa dunia nzima. Nikamtafuta muuzaji, nikakuta kifungo cha shati. Nikatafuta kichwa, nikaingia dirishani mwa watu ghorofa ya pili, nikatoka haraka.

"Umempata?"

"Bado kidogo."

"Haya. Na nguruwe atakaa akungoje?"

Akanipa ile fupi. Nikaona muuza machungwa mzima, kikapu chake, mteja wake, na mbwa aliyekuwa akija kutoka upande wa kulia. Katalogi ilianza kulowa jasho kwapani.

"Nguvu ni ya mwisho kutazama," fundi akasema. "Kwanza tazama kama inakaa pale ulipoiweka." Akaibana darubini kwenye jiliwa mezani, akaielekeza kwenye msumari uliokuwa ukutani mwisho wa ua. Juu ya kila darubini palikuwa na kiskrubu cha kurekebishia. Akakizungusha mbali, akakirudisha palepale kilipokuwa, akanishurutisha nichungulie. Ile fupi ilirudi msumarini kama ng'ombe anayejua zizi lake. Ya mara sita ilirudi jirani na msumari. Kisha akazigonga kwa mpini wa nyundo, akachungulia tena. Mwisho akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kuzizamisha zote. Ile fupi na ya mara sita zikatulia. Ya mara nne ikatoa mapovu madogo kwenye maungio, mfululizo.

"Hii ikikaa kwenu masika moja," akasema, "mtafuga samaki ndani. Pwani hii adui wa darubini ni unyevu. Inayotoa povu, hata ukipewa bure, kataa."

Nikachagua ile fupi, nikijaribu kuonekana kama niliyekuwa nikiielekea tangu mwanzo. Fundi akaniuliza swali la mwisho: ndani ya kioo nataka alama gani ya kulengea, nyuzi mbili zilizopandana, au kijiti kimoja kinene kinachosimama kutoka chini?

Nikachungulia zile nyuzi. Zilikuwa msalaba mtupu. Nikamwona baba mkwe, ambaye wakati ule yuko safu ya mbele anasikiliza hotuba, akiweka jicho lake kila siku kwenye msalaba, na mimi ndiye niliyemnunulia.

"Kijiti," nikasema.

"Vizuri. Wazoefu wa msituni hupenda kijiti. Kwenye giza la miti huonekana zaidi."

"Ndiyo sababu," nikasema.

Ikabidi bunduki ibaki siku chache, kwa kuwa mkono wa bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, ulikuwa umesimama na ungegonga darubini. Fundi alitaka kuupinda. Akanionya pia kwamba jicho likae nyuma ya kioo vidole vinne, la sivyo bunduki ikirudi nyuma itampasua mtu nyusi. Baba mkwe akaifuata mwenyewe wiki iliyofuata.

Siku ya kuijaribu tulikusanyika nyuma ya nyumba Mkongani, asubuhi, baba mkwe, shemeji na mimi, mke wangu jikoni karibu anapepeta mchele na masikio yake kwetu. Baba mkwe akaketi kwenye kigoda, akaiegemeza bunduki, akaweka jicho. Akakaa. Akatoa jicho, akafuta kioo kwa ncha ya kanzu, akaweka tena. Akakaa zaidi.

"Ina ukungu," akasema.

Akamsogezea shemeji bunduki.

"Ndani. Ukungu ndani. Hebu tazama wewe."

Shemeji akachungulia. Namna alivyokuwa akichungulia, mdomo wazi, nilijua anaona vizuri. "Ukungu, baba," akasema. "Mwingi."

Ikaja kwangu. Nikaweka jicho. Mwisho wa ua palikuwa na jogoo, na kwenye mdomo wa jogoo palikuwa na punje ya mtama, na niliiona punje ile. Niliona hata upande iliokuwa imevunjika. Nikatoa jicho, nikatazama makubadhi.

"Naam, baba. Upo." Kisha, sijui shetani gani aliniingia, nikaongeza, "Hasa upande wa chini."

Njia nzima ya kurudi Waa mke wangu alitangulia mbele. Tulipofika, akavua buibui, akalining'iniza.

"Upande wa chini?" akauliza.

"Niache."

"La, nataka kujua. Upande wa chini wa kulia au wa kushoto? Nami nikasome sekondari nione ukungu kama huo."

"Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Akaingia kukoka moto. Ndipo nilipojua kwamba naye anajua, na kwamba tulikuwa tukijua sote tangu kisiki.

Nikavuka tena Likoni, peke yangu, darubini imefunguliwa skrubu zake nne na kuviringishwa katika taulo. Nilikwenda kudai kitu kizima kitengenezwe. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho. Akachungulia. Akaleta beseni, akaizamisha, maji yakatulia. Akanipa.

"Tazama."

Nikatazama. "Naona safi."

"Na kwenu?"

"Kwetu ilikuwa na ukungu."

"Uliuona wewe?"

"Niliusema."

Akacheka kidogo, akaacha. "Bwana, nikifungua kitu kizima ndipo ukungu wa kweli utakapoingia. Aliyeuona kwanza ni nani? Yule mzee?"

"Ndiye."

"Mbele ya mashamba yake watu hupita?"

"Hupita. Wanawake huenda kuni. Watu hukata njia kwenda dukani."

"Mm," akasema, akaiviringisha darubini katika taulo langu, taratibu, akanirudishia.

Sikumbuki feri siku ile. Nakumbuka tu kwamba nilisimama upande mmoja nikahamia wa pili, nikarudi, mpaka mtu mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu. Nikaiweka darubini chini ya kitanda, na tangu hapo kitanda hakikunichukua. Barazani sikukaa, nikikaa nasimama. Barua za watu niliziandika vibaya. Mzee mmoja alitaka kumwambia mwanawe arudi nyumbani, nikamwandikia abaki huko huko, ikabidi nichane. Nilijitafutia mtu wa kulisema jambo lile badala yangu. Imamu? Angeuliza mimi nimejuaje. Chifu? Chifu angelipeleka Kwale kabla ya adhuhuri. Nikamgeukia mke wangu.

"Mwambie wewe. Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo maana siwezi. Nimwambie baba yangu haoni?"

"Basi ndugu yako."

"Yule? Si yeye aliyeona ukungu mwingi? Wewe angalau ulikuwa na wa chini tu."

Shemeji akaja mwenyewe Waa, kwa kisingizio cha kuuza nazi. "Imetengenezwa?" akauliza.

"Imetengenezwa."

"Ukungu umetoka?"

"Umetoka."

"Alhamdulillahi," akasema, akanitazama jinsi mwizi anavyomtazama mwizi mwenzake wakikutana sokoni. Hakunitania hata neno moja siku ile. Hilo lilinitia hofu kuliko yote, kwa kuwa sasa tulikuwa tumekubaliana. Tungeifunga darubini, baba mkwe angeona ukungu uleule, angesema umetoka kwa kuwa sisi tumesema umetoka, na angekwenda msituni nao. Nilianza kuwaona wanawake wa kuni kila nikifumba macho, mmoja mmoja, wameinama.

Asubuhi iliyofuata nikaichukua darubini, nikaenda Mkongani bila kuitwa. Mke wangu alinisindikiza mpaka barabarani kama msafiri wa Makka.

Baba mkwe alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, anasokota kamba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamkabidhi taulo. Akaifungua darubini, akaigeuza mikononi.

"Fundi anasemaje?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba tangu Waa, yenye utangulizi. Ikapotea yote. "Fundi anasema ni nzima, baba. Haikuwa na kitu."

"Fundi anasema. Na wewe?"

"Mimi..." Makubadhi hayakunisaidia. "Mimi niliiona safi tangu siku ya kwanza."

"Ulisema ina ukungu."

"Nilisema, baba."

"Upande wa chini."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa wewe ulisema upo."

Kamba ikaanguka. Nilingoja fimbo, au nifukuzwe, au nirudishiwe mahari niliyotoa. Akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Basi siku nitakayompiga mtu, nikisema ni nguruwe, nanyi mtasema ni nguruwe?"

Hapo ndipo nilipomtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu anioze binti yake. Alikuwa na uso mwembamba, mzuri, unaofanana sana na wa mke wangu. Katikati ya jicho la kulia palikuwa na weupe, kama tone la tui. Mtu yeyote angeuona. Ilitakiwa tu kuinua kichwa.

"Lini limeanza, baba?"

"Ramadhani ya mwaka juzi. Nilikuwa nangoja mtu aseme." Akaniangalia, na jicho la kushoto lilikuwa kali kama la ndege. "Mna adabu nyingi, nyinyi."

Tukaifunga darubini, mimi nikishika skrubu, zikiniponyoka. Akaweka kitako cha bunduki kwenye bega la kulia kwa mazoea, akasita, akakihamishia kushoto. Akachungulia. Akakaa muda mrefu.

"Kuna jogoo kule," akasema.

Siku zilizobaki alijifunza upya kama mtoto wa chuoni. Bolti ilikuwa upande wa kulia na yeye sasa yuko kushoto, ikabidi apitishe mkono juu ya bunduki kila akitaka kuijaza, na alitukana kwa Kidigo ambacho mimi niliambiwa nisikielewe. Siku ya pili akasahau vidole vinne, bunduki ikamrudia, kioo kikampasua nyusi. Mke wangu akamfunga kitambaa. Kijiti alikipenda, alisema kinene, kinaonekana hata na mzee. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kusimamisha debe na kukimbia, na shemeji alisema hajapata kuona mtu wa nyumbani mwenye mbio vile. Utani ulikuwa umerudi. Lakini risasi nyingi bado zilikwenda porini, na tulipokwenda Kwale hakuna aliyekuwa na hakika ya kitu.

Kwale palikuwa na wenye bunduki kama kumi na watazamaji mara kumi yao. Bwana mkubwa alikuwa kijana mwenye masikio yaliyoungua jua, na Kiswahili chake kilitosha kuagizia chai. Mkalimani wa ofisi alikuwa amekwenda Msambweni kwa kesi. Shemeji akanisukuma mbele ya watu: "Huyu hapa, amesoma!" Nikawa mkalimani.

Baba mkwe akaitwa. Akaweka bunduki bega la kushoto, akasema bismillahi, akapiga. Debe likaruka. Watu wa Mkongani wakashangilia. Akapitisha mkono juu, akajaza, akapiga. Vumbi likatimka nyuma ya debe. Ya tatu alikawia mpaka nikahisi meno yananiuma. Ikalia. Debe likaanguka kifudifudi na kubingirika.

Bwana mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua kalamu, kisha akaisimamisha. Akaniuliza kwa Kiingereza: kwa nini mzee anatumia bega la kushoto na bolti iko kulia? Ana neno kwenye jicho?

Hakuna mwingine aliyeyaelewa maneno yale pale uwanjani. Ningeweza kujibu mwenyewe: amezaliwa wa kushoto, bwana. Jibu lilikuwa limekwisha kufika ulimini, lina adabu zote. Mikono yangu ikawa haina pa kukaa. Nikamgeukia baba mkwe, nikamfasiria swali zima, kwa sauti, mbele ya chifu na jirani zake na watu waliokuwa wakimwombea dua.

Akainama kidogo, akashika kitambaa cha nyusi.

"Mwambie la kulia halioni," akasema. "Mwambie lilikwisha zamani. Mwambie hivyo hivyo, usilitie sukari."

Nikamwambia hivyo hivyo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilifasiri maneno ya mtu bila kuyavalisha kanzu.

Bwana mkubwa akaandika, akafikiri, akaandika zaidi, akanipa karatasi niisome. Kibali kimetolewa kwa mwaka mmoja. Mwenye bunduki asifyatue risasi ila pawe na mtu mwenye macho mazima kando yake, atakayetazama kwanza na kutamka kilichopo mbele. Jina la mtu huyo liandikwe hapa. Palikuwa na mstari mtupu.

"Amesemaje?" baba mkwe akauliza.

Nikamfasiria.

"Mwandike huyu," akasema, kidole kinanielekea mimi.

"Baba, mimi ni mtu wa..."

"Wewe unajua kutazama. Nimekufundisha."

Shemeji alicheka mpaka akaketi chini.

Hivyo ndivyo mimi, ambaye msikiti wa Waa ulikuwa safari, nilivyohamia Mkongani msimu ule wa mahindi. Alfajiri baada ya swala tulikwenda kukaa kwenye ukingo wa shamba, baba mkwe na bunduki, mimi na mbu. Kila kitu kikitikisika alinipa bunduki ikiwa bado haijajazwa, nichungulie, niseme. Sikuweza kutulia. Nilimtamkia kisiki, nikamtamkia nyani, nikamtamkia kivuli cha muhogo, na nguruwe wawili ambao aliwaangusha wote. Kila mara nilichungulia mara tatu kabla ya kufungua mdomo, na kila mara aliniuliza, "Una hakika?"

Asubuhi moja mahindi yakatikisika karibu kabisa na mpaka, na mgongo mweusi ukaonekana, umekunjamana chini, unasogea kidogo kidogo kama anayefukua. Mimi mwenyewe ningeapa. Hata watu wawili waliokuwa wakipita njiani walisimama na kunong'ona, "Nguruwe, mzee, huyo!"

Baba mkwe hakuwatazama. Akanipa bunduki.

Nikachungulia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijiti kilitulia katikati ya shuka nyeusi niliyoijua.

"Si nguruwe, baba. Ni shemeji."

"Anafanya nini?"

Nilitafuta neno la adabu, nikaliacha. "Anakunya, baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaichukua bunduki, akailaza magotini, akatoa ugoro mfukoni.

"Mwache amalize," akasema.